Husuni Isiyokuwa Ngome: Jina, Mahali na Mabaki ya Kasri la Mwambani Kilwa Kisiwani

Utangulizi

Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam ni mahali panapofaa kuanzia mjadala kuhusu majina yanayodumu baada ya mambo yaliyoyazaa kutoweka. Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi waliondoka, soko likaja, na jina likabaki. Mtu ambaye angekuwa na jina hilo peke yake, bila soko mbele ya macho yake, angeweza kudai kwamba hapo ni kambi ya jeshi, na dai lake lingekuwa kweli kuhusu miaka michache tu ya karne nzima. Umbali mfupi kuelekea bandarini lipo jengo liitwalo Boma la Kale. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa miaka ya 1866 na 1867, kwa amri ya Sultani Majid wa Zanzibar, ili wageni wake wapate mahali pa kufikia. Nyumba hiyo ya wageni iliitwa boma baada ya kutumiwa na utawala uliokuja nyuma yake.

Makala haya yanachunguza jina la tatu la aina hiyo, ambalo ni la kale zaidi na lenye athari kubwa zaidi katika uandishi wa historia ya pwani. Jina hilo ni Husuni. Takribani kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, yapo magofu mawili ya karne ya 14 juu ya mwamba ulioinuka ukingoni mwa bahari, nje ya mji wa kale. Wenyeji huyaita Husuni Kubwa na Husuni Ndogo. Neno husuni limetoholewa kutoka Kiarabu, na maana yake ni ngome. Kwa hiyo msomaji anayekutana na majina haya kwa mara ya kwanza hujenga akilini picha ya makazi yenye kuta za vita, yaliyopandishwa juu ili adui aonekane kabla hajafika. Hoja ya makala haya ni kwamba mabaki yenyewe hayaungi mkono picha hiyo, na kwamba kuikubali kumechangia tafsiri potofu kuhusu uhusiano wa miji ya Waswahili na bara lililo nyuma yake.

Kasri juu ya mwamba

Ujenzi wa Husuni Kubwa unahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa kati ya mwaka 1310 na 1333 hivi. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, ulioshika utawala mwishoni mwa karne ya 13. Tarikh ya Kilwa inaeleza kwamba alipokuwa kijana alisafiri kwenda Hija na kukaa Aden akitafuta elimu. Uhusiano wake na jengo hili hautegemei simulizi pekee. Katika ufukuaji ulioongozwa na Neville Chittick kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1974 katika juzuu mbili, kulipatikana maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe yakimtaja sultani huyo kwa lakabu ya al-Malik al-Mansur, yaani mfalme mwenye kunusuriwa.

Jengo lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja. Lilitandazwa juu ya mwamba kufuata umbo la ardhi, likiwa na nyua kadhaa zilizopangwa kutoka upande wa kusini hadi ncha ya kaskazini inayotazama bahari. Ua mpana wa kusini ulizungukwa na vyumba ambavyo Chittick alivitafsiri kuwa maghala na mahali pa shughuli za biashara. Upande wa kaskazini kulikuwa na makazi ya sultani, ukumbi wa kupokelea watu, na birika la kuogea lenye pembe nane. Baadhi ya dari zilikuwa za matao na kuba, ufundi ambao baadaye ulipungua sana katika nyumba za pwani. Mawe ya matumbawe laini yalichongwa yangali mabichi, kabla hayajakauka na kuwa magumu, yakatumika kwenye mapambo, vidaka na fremu za milango. Matumbawe ya kawaida yalijengea kuta. Kutoka ncha ya kaskazini, ngazi ziliteremka mpaka ufukweni.

Ngazi hizo ndizo zinazostahili kutazamwa kwanza na yeyote anayetaka kujua kama hili lilikuwa jengo la vita. Mjenzi wa ngome hufikiria namna ya kumzuia anayetoka baharini. Mjenzi wa Husuni Kubwa alimjengea njia. Nahodha aliyetia nanga chini ya mwamba angeweza kupanda moja kwa moja hadi kwenye nyua za mwenye nyumba, na bila shaka hilo ndilo lililokusudiwa. Hakuna handaki linalozunguka jengo. Mpangilio wa kumbi zake ni wa nyumba inayotaka kuona na kuonwa, si wa nyumba inayojificha.

Birika linasema jambo hilohilo kwa njia nyingine. Juu ya mwamba ule maji hayaji yenyewe; kila tone lilipaswa kutekwa na kubebwa kwa mikono ya watu, na pengine watu hao hawakuwa na hiari katika kazi hiyo. Ngome hutunza maji kwa ajili ya siku ya kuzingirwa, lakini hapa maji yalimwagwa kwa ajili ya starehe. Anayelisifu birika la pembe nane kwa uzuri wa umbo lake ni vyema akumbuke pia mitungi.

Kigezo cha tatu ni mahali. Husuni Kubwa iko mashariki mwa mji, mbali na Msikiti Mkuu na nyumba za watu. Kama shambulio lingetokea, wakazi wa mji wasingepata hifadhi ndani yake, nayo isingeweza kuulinda mji. Sultani alijitenga na raia wake, akajiweka karibu na meli. Kwa mtawala ambaye utajiri wake ulitoka katika ushuru na biashara ya dhahabu ya Sofala, uamuzi huo unaeleweka bila kuhitaji adui yeyote.

Shahidi aliyenyamaza

Mwaka 1331, al-Hasan bin Sulaiman akiwa bado kwenye kiti, msafiri wa Morocco Ibn Battuta alifika Kilwa. Ushuhuda wake ni wa thamani kubwa, na pia ni wa kutatiza. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, lakini akasema kwamba nyumba zake zilikuwa za miti na mapaa ya majani. Kasri la mwambani hakulitaja. Msikiti Mkuu uliopanuliwa kwa mawe katika zama hizohizo nao haukumvutia kiasi cha kuueleza. Wanahistoria wamelieleza jambo hili kwa namna mbalimbali: kwamba alisimulia safari zake miaka mingi baadaye na kumbukumbu ikamponyoka, au kwamba nyumba nyingi za mji zilikuwa kweli za miti na majengo ya mawe yalikuwa machache. Maelezo ya pili hayapingani na akiolojia. Yanaonesha pia jinsi Husuni Kubwa ilivyokuwa jambo lisilo la kawaida hata machoni pa watu wa Kilwa wenyewe.

Alichokieleza kwa kirefu ni ukarimu wa sultani. Mtawala huyo aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, na Ibn Battuta anasimulia kisa cha maskini kutoka Yemen aliyemsimamisha sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, naye akampa. Kisa hicho kinanukuliwa mara nyingi. Hakinukuliwi mara nyingi hivyo kile kinachokizunguka: kwamba sultani huyohuyo alikuwa na desturi ya kufanya mashambulizi katika nchi ya Wazanji wa bara, akateka ngawira, na kutenga humo moja ya tano kwa mujibu wa sheria ya Qur'ani. Mkono uliotoa ulikuwa pia mkono uliochukua.

Habari hii ni muhimu kwa suala la ngome. Ukatili ulikuwepo Kilwa ya karne ya 14, na haifai kuuficha kwa kuipamba miji ya pwani kama mahali pa amani na biashara tu. Lakini mwelekeo wake, kwa mujibu wa shahidi pekee wa wakati ule, ulikuwa kutoka kisiwani kwenda bara. Aliyeshambulia ndiye aliyekaa mwambani. Picha ya mji wa wageni waliojikunyata nyuma ya kuta kwa kuwaogopa Waafrika haipati msaada hapa. Haipati msaada pia katika maelezo ya Ibn Battuta kuhusu wakazi wenyewe, kwani anasema wengi wao walikuwa Wazanji weusi sana wenye chale usoni.

Handaki la chumvi

Kilwa ilikuwa na ulinzi wake, na simulizi za wenyeji zinaueleza kwa uwazi zaidi kuliko kuta. Tarikh ya Kilwa imetufikia katika nakala mbili kuu: ile ya Kireno iliyoingizwa na João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552, na ile ya Kiarabu iitwayo Kitab al-Sulwa. Nakala ya Kiarabu inaeleza jinsi mgeni kutoka Shirazi alivyokinunua kisiwa kwa vitambaa. Mfalme wa bara, baada ya kupokea malipo, alikusudia kurudi na kumuua mnunuzi. Mnunuzi akachimba na kukiongezea kina kile kivuko ambacho watu walikuwa wakikipita kwa miguu maji yakitoka. Mfalme aliporudi alikuta maji, akasubiri yapwe kama ilivyokuwa desturi, hayakupwa, akaondoka akijuta.

Simulizi hii si taarifa ya tukio. Hadithi za kununua ardhi kwa kitambaa ni namna ya kuhalalisha utawala na hazipaswi kusomwa kama hati ya mauziano. Hata hivyo, inaonesha watu wa Kilwa waliona nini kuwa boma lao. Waliotunga simulizi ya usalama wa mji wao hawakumpa mwanzilishi ukuta wala mnara. Walimpa mkondo wa maji. Bahari ilikuwa handaki, na majahazi yalikuwa lango.

Nakala ya Barros, kwa upande wake, inamtaja mfalme aitwaye Sulaiman Hasan aliyejenga ngome ya mawe na chokaa yenye kuta na minara, kwa kuwa kabla yake karibu majengo yote ya mji yalikuwa ya miti. Inavutia kuichukua habari hiyo na kuibandika kwenye magofu ya mwambani. Lakini mpangilio wa wafalme katika nakala hiyo unamweka mtu huyu mapema mno, kabla ya ukoo wa Mahdali, ilhali jiwe lililochongwa linamtaja mwingine. Huenda Barros, Mreno aliyezoea kupima ukuu wa mfalme kwa ngome zake, aliliona kila jengo kubwa la mawe kwa jicho hilo. Mtu wa taifa lililojenga ngome katika kila bandari ilipofika angeona nini kingine?

Jirani asiyeeleweka

Itakuwa si haki kuendelea bila kuikabili Husuni Ndogo, kwa sababu hili ndilo jengo linaloipa hoja ya ngome nguvu zake zote. Limesimama ng'ambo ya korongo dogo kutoka Husuni Kubwa. Ni ua wa mstatili uliozungushiwa ukuta mnene, wenye buruji kwenye pembe na katikati ya pande zake. Hakuna jengo jingine la namna hii lililofahamika katika pwani nzima ya Waswahili kwa zama hizo. Peter Garlake, katika uchunguzi wake wa usanifu wa mapema wa Kiislamu wa pwani uliotolewa mwaka 1966, na wengine baada yake, wameona kufanana kwake na nyua zenye buruji za nchi za Kiislamu za Mashariki ya Kati, za karne nyingi kabla.

Kwa nje ni ngome. Kwa ndani ni karibu utupu. Wataalamu wamependekeza kuwa palikuwa soko, au kambi ya askari, au mahali pa kufikia wafanyabiashara na mizigo yao. Kila pendekezo lina ugumu wake, kwa kuwa watu wanaoishi mahali huacha vigae, majivu na mifupa. Tafsiri inayoelekea kukubalika zaidi ni kwamba jengo hili halikupata kutumika kikamilifu, jambo linalolingana na hali ya jirani yake, kwani Chittick alihitimisha kwamba hata Husuni Kubwa haikukamilika na ilikaliwa kwa muda mfupi tu. Buruji za Husuni Ndogo basi zinaweza kuwa zilijengwa na mtu aliyejua majengo ya watawala wa ng'ambo yanavyofanana, na aliyetaka kufanana nao. Sultani aliyekuwa amekaa Aden alijua umbo la madaraka katika ulimwengu wake.

Lipo jaribio moja ambalo historia yenyewe ililifanya. Mwezi Julai 1505 meli za Francisco de Almeida zilifika Kilwa. Mji ulitekwa na kuporwa, naye Amiri Ibrahim aliyekuwa akitawala akakimbia. Husuni zote mbili, zilizokuwa zimeachwa kwa vizazi vingi, hazikuwa na nafasi yoyote katika ulinzi wa mji. Wareno hawakuchukua magofu ya mwambani kuwa kituo chao, bali walijenga ngome mpya ufukweni, karibu na mji, wakaiacha mwaka 1512. Juu ya mabaki yake ndipo baadaye Waarabu wa Omani walipojenga Gereza linaloonekana leo. Jina hilo nalo lina safari yake, kwani neno gereza linatokana na neno la Kireno la kanisa.

Pujini na Zimbabwe Kuu

Ili hoja isionekane kana kwamba Waswahili hawakujua kujenga boma la vita, inafaa kutazama Pujini, kisiwani Pemba. Huko, katika karne ya 15, mtawala anayekumbukwa kwa jina la Mkama Ndume alijizungushia boma kubwa la udongo na mawe. Uchunguzi wa Adria LaViolette uliofanywa mwishoni mwa karne ya 20 ulithibitisha kuwa hilo ni boma la kujihami la zama za kabla ya Wareno, na ndani yake kulikuwa na chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa lililofinyangwa kwa plasta ukutani. Simulizi za Pemba zinamkumbuka Mkama Ndume kwa ukatili: aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Pujini ina yale ambayo Husuni Kubwa haina. Ina ukuta unaofunga, na ina kumbukumbu ya hofu. Al-Hasan bin Sulaiman amekumbukwa kwa zawadi, na tofauti hiyo ya kumbukumbu ni ushahidi unaostahili kuwekwa mezani pamoja na mawe.

Upande wa pili wa biashara ya dhahabu kuna mfano mwingine. Ibn Battuta aliambiwa na mfanyabiashara kwamba Sofala ilikuwa mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba dhahabu ilifika Sofala kutoka nchi ya ndani. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu. Huko nako kuna makazi ya zama hizohizo juu ya kilima, yenye kuta kubwa za mawe yaliyopangwa bila chokaa, na huko nako Wazungu wa enzi ya ukoloni walikiita kilima Acropolis, jina la ngome ya Wagiriki. Garlake, yuleyule aliyepima majengo ya pwani, alipinga madai kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na wageni, na ilimbidi aihame Rhodesia mwaka 1970. Jina la ngome na dai la ugeni vilitembea pamoja katika sehemu zote mbili. Ukishasema watu walijenga ngome, swali linalofuata ni waliogopa nani, na jibu la mkoloni lilikuwa tayari: waliwaogopa Waafrika, kwa hiyo wao hawakuwa Waafrika. Kazi za akiolojia zilizofuata, zikiwemo za Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zimeonesha mizizi ya jamii za pwani katika jamii za wakulima na wafua chuma wa milenia ya kwanza. Ila jina la Husuni linaendelea kunong'ona jibu la zamani.

Mabaki na hifadhi

Magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya uimarishaji wa kuta na ufukwe. Miongoni mwa hatua zilizochukuliwa ni kupanda mikoko ili kupunguza nguvu ya mawimbi. Hatari iliyotambuliwa haikuwa watu peke yao. Ilikuwa pia mvua, mizizi, na bahari inayokula ukingo wa ardhi kutoka chini. Bahari iliyokuwa handaki la Kilwa ndiyo iliyoivamia.

Sehemu ya vitu vilivyofukuliwa Kilwa huoneshwa Ilala, katika Makumbusho ya Taifa ya Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Vipo vigae vya kauri kutoka nchi za mbali, vyungu vya pwani, na sarafu za shaba ambazo maandishi ya upande mmoja yana vina na maandishi ya upande wa pili, jina la sultani likikamilisha sifa ya Mungu. Mwanafunzi kutoka shule za Kariakoo au Buguruni anaweza kufika hapo kwa miguu au kwa daladala, bila safari ya kilomita 300. Anachokikuta ni mali ya mfanyabiashara: sarafu za kulipia, vyombo vya mezani, na bidhaa zilizovuka bahari. Kama atafika Kilwa siku moja, atavuka mkondo kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, atembee kuelekea mashariki, na atapanda mwambani hadi kwenye birika la pembe nane. Ngazi za sultani zingali zinateremka kuelekea ufukweni, upande uleule meli zilikotokea.